Ugomvi wa Njia ya Utumbo

Koti lenyewe lilikuwa la rangi ya maziwa, limetoka kwa dobi jana yake, na Vihra alikuwa amelivaa kwa madaha, mkanda umebana kiuno, skafu ya kijani shingoni. Alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kioski pale Daraja la Tai, saa mbili kasoro robo asubuhi, mabasi yanapiga honi, watu wanasukumana, kila mtu anataka banitsa yake ya moto, ule mkate wa matabaka, kabla ya kwenda kazini. Mara baiskeli ikachomoka kutoka Bustani ya Boris, ikafunga breki nyuma yake, na tope likaruka. Lilimpata kuanzia kwenye kola mpaka magotini.

"Mungu wangu!"

"Samahani dada, samahani sana," akasema mwenye baiskeli huku akishuka. Alikuwa mrefu, kofia ngumu kichwani, koleo limefungwa mgongoni, ana tope mpaka kwenye kope. Macho yake yalikuwa ya aina ile inayocheka hata pasipostahili kucheka.

"Hiyo samahani nitaivaa kazini?"

"Lete nikufute."

"Ukinigusa nakupiga na hii banitsa."

"Ya jibini au ya mchicha?"

Foleni nzima ikacheka. Hata muuzaji, mama mnene ambaye hajawahi kumchekea mteja, alicheka. Vihra mori ukampanda. Akamtazama yule mtu juu mpaka chini, akaliona lile koleo.

"Kumbe wewe ndiye unayechimba zile njia za baiskeli kwenye msitu wa bustani?"

"Ndiye mimi. Yavor," akajibu kwa fahari, kana kwamba kapewa nishani. "Ile ndefu, Utumbo, ni kazi ya mikono hii. Miaka tisa."

Utumbo! Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mama yake Vihra, Bi Nevena, mwalimu mstaafu wa jiografia, umri miaka sitini na minane, alikutwa amelala kwenye njia hiyo hiyo, nyonga imevunjika. Nimegongwa na baiskeli, alimwambia binti yake hospitalini, ikakimbia. Zaidi ya hapo hakutaka kusema.

"Basi nisikilize vizuri," Vihra akasema, na sauti yake ikawanyamazisha waliokuwa wakicheka. "Mwezi uliopita mmoja wenu alimgonga mama yangu kwenye huo Utumbo wako, akamvunja nyonga, akamwacha kwenye tope. Nataka jina lake."

Kicheko kikafutika usoni mwa Yavor.

"Sina jina la kukupa, dada."

"Huna, au hutaki?"

"Sina la kukupa."

"Haya. Nitaifunga hiyo njia. Nakuapia mbele ya hawa wote. Nitaifunga, na utaifukia wewe mwenyewe kwa hilo koleo!"

Ukishaapa mbele ya foleni ya banitsa, utarudi nyuma vipi? Kuanzia jioni ile Vihra akawa mtu wa malango ya bustani, kalamu mkononi. Akakusanya sahihi za kina mama wenye vigari vya watoto, za wazee wa sataranji, za wenye mbwa, hata za mwenye mbwa mmoja aliyekuwa akiwafukuza waendesha baiskeli kwa raha zake. Alipofikisha elfu moja akapeleka malalamiko kwa halmashauri. Akaambiwa kikao kitakaa Alhamisi ya pili ya Juni, na kwamba limebaki jambo moja tu: maelezo ya majeruhi mwenyewe, kwa maandishi, yenye sahihi. Yakiwepo, Utumbo unafungwa. Yasipokuwepo, hakuna kesi.

"Nitaandika nikipona," Bi Nevena akasema, akageukia ukutani.

Huku nyuma Vihra alikuwa amegundua kitu. Kwenye mwanzo wa njia palikuwa na ubao wa sheria: punguza mwendo, watembea kwa miguu kwanza, ukiona tatizo piga namba hii. Namba ilikuwa ya Yavor. Basi kila siku saa saba mchana, akiwa na mapumziko kwenye duka la miwani alikokuwa akisaga lenzi, akampigia.

"Haloo. Mharibifu wa misitu?"

"Huyu hapa. Leo nimeharibu nini?" Sauti yake ilikuwa na mwangwi, kwa sababu Yavor alikuwa fundi wa lifti na simu nyingi zilimkuta ndani ya shimo la jengo fulani, ananing'inia.

"Mmoja wenu kapita karibu na kigari cha mtoto kama anafukuzwa na polisi."

"Baiskeli rangi gani?"

"Nyekundu."

"Namjua. Nitamng'oa masikio."

Kesho yake mwenye baiskeli nyekundu alionekana akiokota takataka pembeni ya njia, masikio yapo lakini uso umemshuka. Wiki iliyofuata vibao vya kupunguza mwendo vikaongezeka. Vihra hakufurahi hata kidogo. Alitaka adui asiyesikia la mtu, na huyu alikuwa anasikia kila kitu isipokuwa lile moja.

"Jina, Yavor."

"Sina, Vihra."

"Wewe ni mwoga. Unamficha mwoga mwenzako."

"Sawa."

"Sawa nini? Jitetee basi!"

"Nikijitetea utamaliza maneno, na siku bado ndefu."

"Mshenzi."

"Hilo ulishalitumia Jumanne."

"Kesho nitakuja na jipya."

"Saa ile ile? Maana jana ulichelewa dakika sita, nikadhani umepatwa na jambo."

"Usijifanye unanisubiri!"

"Nakusubiri, ndiyo. Nimefunga mkanda, nimekaa juu ya lifti ghorofa ya kumi na moja, nakusubiri unitukane."

Vihra akakata simu, uso unamwaka. Mwenzake wa dukani, Snezha, msichana wa nywele fupi na ulimi mrefu, alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Huyo unayemchukia."

"Ehe?"

"Mbona unapaka rangi ya mdomo kabla ya kumpigia?"

"Midomo imekauka."

"Na yeye anaiona kwenye simu?"

"Snezha, fanya kazi yako."

Lakini tusidanganyane. Alikuwa anampenda, na jambo hilo lilimuudhi kuliko tope, kuliko koti. Usiku alilala akipanga matusi ya kesho na akajikuta anatabasamu kwenye giza, halafu anamkumbuka mama yake chumba cha pili, anasaga meno. Mtu anayejua nani kamvunja mama yako na hasemi, unampendaje? Alijiuliza hivyo kila siku, na kila siku saa saba mkono ukaenda wenyewe kwenye simu.

Mwishoni mwa Mei lifti ya jengo lao ikafa. Wao walikaa ghorofa ya saba. Bi Nevena, ambaye alikuwa ameanza kutembea kwa magongo, akawa mfungwa. Msimamizi wa jengo akasema subirini, fundi yuko likizo. Jumamosi asubuhi Vihra akasikia nyundo ngazini, akatoka na gauni la nyumbani na taulo kichwani, na nani kapiga magoti mbele ya mlango wa lifti? Yavor. Ovaroli safi ya buluu, amenyoa, ananukia sabuni.

"Nani kakuita wewe?"

"Hakuna."

"Utalipwa na nani?"

"Hakuna pia. Nishikie tochi."

Akamshikia. Nusu saa akamshikia tochi, wakigombana kwa sauti ya chini kuhusu mizizi ya miti, kuhusu mbwa, kuhusu kama mwanaume wa miaka thelathini na minne ana akili timamu akiruka matuta kwa baiskeli. Bi Nevena alitokeza kichwa mlangoni, akamwona fundi, akapauka kama karatasi. Akarudi ndani bila salamu. Vihra akadhani ni maumivu.

Lifti ikanguruma. "Ingia tuipime," Yavor akasema. Wakashuka mpaka chini, wakapanda, na kati ya ghorofa ya tano na ya sita akabonyeza kitufe ikasimama.

"Nini sasa?"

"Napima breki."

"Muongo."

"Muongo, ndiyo. Vihra, mimi nimechoka kukusikia kwa simu tu."

"Mimi nimechoka kukusikia kabisa," akasema, akamshika kola ya ovaroli, akambusu. Alimbusu kwa hasira, taulo likaanguka, nywele mbichi zikamlowesha mashavu, na Yavor akamkumbatia kwa mikono miwili bila kujali grisi. Walikaa hivyo mpaka mtu wa ghorofa ya tatu akaanza kupiga mlango kwa kiatu. Ndipo Vihra akajitoa kifuani kwake, uso umebadilika.

"Umejuaje tunakaa hapa?"

Yavor akainama kuokota taulo.

"Sijawahi kukuambia mtaa, sembuse ghorofa. Umejuaje kuna mgonjwa hawezi kushuka? Yavor!"

"Siwezi kukuambia."

"Ni wewe." Sauti ilikuwa ndogo, haikutaka kutoka. "Ulimgonga wewe. Miezi miwili unanichekea kwenye simu, na ni wewe!"

"Si mimi, mpenzi. Nakuapia."

"Usiniite mpenzi. Nani basi?"

Akatazama chini. Mungu ni shahidi, alitazama chini kama mtu mwenye hatia.

"Shusha lifti," Vihra akasema. "Na usinitazame."

Simu za saa saba zikafa. Snezha alijaribu utani mara moja, akaona macho ya mwenzake, akaacha. Yavor hakupiga. Laiti angepiga akajitetea, hata kwa uongo! Lakini wapi. Vihra akayaandika maelezo mwenyewe kwa kompyuta, ukurasa mmoja, na palipohitaji jina la aliyegonga akaandika jina la Yavor kwa ukamilifu, na la baba yake, na la ukoo. Jumatano mchana, siku moja kabla ya kikao, akayaweka mbele ya mama yake jikoni.

Bi Nevena alikuwa ameketi na aproni, anatoa kokwa kwenye cheri za kupikia jemu, vidole vyekundu. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma kama alivyokuwa akisoma mitihani ya wanafunzi, pole pole. Akaivua.

"Hili jina limetoka wapi?"

"Weka sahihi, mama."

"Lifute."

"Silifuti. Nimempata mwenyewe, na karibu nimwache kwa sababu ya upumbavu wangu. Weka sahihi."

"Siweki!" Bi Nevena akaisukuma kalamu ikaanguka sakafuni. "Hakuna aliyenigonga, Vihra. Hakuna baiskeli. Nilikuwa naburuta gogo."

"Gogo gani?"

"Gogo! La kuwazibia njia. La nne wiki ile. Likateleza kwenye tope likanilalia."

Vihra akakaa. Mama yake huyu, aliyekuwa akiwafukuza wanafunzi darasani kwa kutafuna ubani, alikuwa anaburuta magogo msituni?

"Walimng'oa baba yako," Bi Nevena akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Machi, alipotimiza miezi sita tangu afe. Nilibandika karatasi yake ya tanzia, yenye picha, kwenye ule mwaloni karibu na benchi lake. Wewe unajua. Mji mzima umebandikwa marehemu, milangoni, mitini, vituoni, na nani huwagusa? Jua na mvua ndivyo vinavyowaondoa. Siku ya pili nikaenda kumsalimia. Pale pa uso wake pana mshale wa njano wa mashindano ya baiskeli. Nikamkuta kwenye pipa la taka. Lyuben wangu, amekunjwa mara nne."

"Mama..."

"Nikasema hawapiti. Basi! Kila alfajiri gogo. Na nilipoanguka aliyekuja kunitoa ni huyo huyo unayetaka kumpeleka halmashauri. Aliliinua peke yake. Akaingia na mimi kwenye gari la wagonjwa, akanishika mkono njia nzima, akaniuliza anwani, nani yuko nyumbani. Nikamwambia, ukimwambia binti yangu nilichokuwa nafanya, nitakufa kwa aibu. Akasema hatasema. Na yule punguani kweli hakusema!"

"Mama, nimemtukana miezi miwili!"

"Nilikusikia. Siku zako za mapumziko ulikuwa unampigia humu humu jikoni. Kila siku nikasema kesho nitamwambia." Akachukua cheri, akaitupa bakulini. "Mimi ni mwoga. Huyo mwoga uliyekuwa unamtafuta ni mimi."

Vihra hakungoja kubadilisha nguo. Alishuka na viatu vya nyumbani, akavuka barabara kuu, akaingia bustanini chini ya miti ya linden ambayo maua yake yalikuwa yananukia mpaka kichwa kinauma. Akamkuta pale karibu na benchi la baba yake, shati limemganda mgongoni, anafukia. Tuta kubwa la kurukia, lile ambalo vijana walikuja kulipiga picha kutoka miji mingine, lilikuwa limeshalala chini. Kona mbili za juu zilishakwisha.

"Unafanya nini?"

"Si uliapa nitaifukia mwenyewe?"

"Acha! Acha hilo koleo! Mama kasema yote. Kwa nini hukuniambia, mpumbavu mkubwa wewe? Ungesema neno moja tu!"

"Niliahidi."

"Uliahidi! Mimi nakuita muuaji, nakuita mshenzi, wewe umeahidi!" Alikuwa analia na kumpiga kifuani kwa ngumi, na kila ngumi ilikuwa inakaribia kuwa kumbatio. "Nisamehe. Sikia, sijui kuomba msamaha, sijazoea, lakini nisamehe."

Yavor akamshika mikono, akaishusha.

"Usiniombe msamaha. Bado hujajua kitu. Ile karatasi ya baba yako niliing'oa mimi."

Vihra akaichomoa mikono yake.

"Ilikuwa asubuhi ya mashindano, mti mwingine unaoonekana kutoka kwenye ile kona haukuwepo. Nilikuwa na haraka. Nilijua haiguswi, mtoto wa miaka mitano anajua. Nikamwambia samahani mzee, nikamng'oa. Mama yako aliponieleza ndani ya gari kwa nini anaburuta magogo, nilitamani kuruka nje. Sikunyamaza kwa ajili ya ahadi peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nilistahili kila tusi lako."

Baiskeli mbili zilikuja, zikaona njia imekatika, waendeshaji wakateremka na kupita mbali wakiburuta.

"Mama hajui ni wewe," Vihra akasema mwishowe.

"Hajui."

"Ungenyamaza tu, saa hizi ningekuwa mikononi mwako."

"Najua."

"Nilikuja nikuombe msamaha, sasa natamani kukupasua kichwa na hilo koleo."

"Lile pale."

Akalitazama koleo kweli. Halafu akasema, "Twende. Utamwambia mwenyewe. Na ujue mimi nitasimama upande wake."

Pale darajani Yavor akaomba dakika moja kwa wauza maua. Akarudi na waridi mafungu mawili. Vihra akayahesabu bila kutaka, kama kila mtu mjini anavyohesabu: matano, na mengine sita. Sita, kama shufwa yoyote, ni ya marehemu; witiri ni ya walio hai. Hata mlevi hakosei hesabu hiyo. Akatangulia mbele, uso wake usionekane.

Jemu ilikuwa inachemka. Yavor alisimama katikati ya jiko na udongo kwenye viatu, akasema yote, hakupunguza. Bi Nevena alikuwa anakoroga. Hakugeuka.

"Ulimkunja mara ngapi?"

"Mara nne."

"Kwa nini mara nne?"

"Ili uso ukae ndani, usishike taka."

Mwiko ukasimama. "Kumbe uliona aibu."

"Niliona, mama."

"Uliona, na bado ukafanya."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuchukia kabla sijakujua, halafu nikakushukuru kwa kuninyanyua. Sasa sijui nikufanye nini, ibilisi wewe." Akazima jiko, akafungua droo, akatoa karatasi yenye mpaka mweusi na picha ya mzee mwenye masharubu anayetabasamu upande. "Nilichapisha ishirini. Nenda kaibandike wewe mwenyewe, mti ule ule. Kesho sina maelezo ya kumpa mtu yeyote. Ile sehemu ya benchi imeshafukiwa, ibaki hivyo. Huko kwingine telezeni mvunje shingo zenu."

Akachukua waridi matano, akayahesabu, akayatia kwenye chombo bila kusema asante.

Wakarudi bustanini, mbali mbali, kama watu wawili wasiojuana. Vihra alishika pini, Yavor alishika karatasi, akaiweka kwenye mwaloni, akailainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, asije akamkunja tena. Waridi sita wakayalaza benchini. Magharibi, juu ya mlima Vitosha, mawingu ya Juni yalikuwa yamekwisha kuwa meusi.

"Mzee," Yavor akasema, "ni mimi tena. Nisamehe. Nina jambo lingine la kukuomba, kubwa, lakini leo sistahili. Nitarudi siku nyingine."

Ngurumo ikasikika. Vihra akaitazama picha ya baba yake, akayatazama mawingu.

"Mimi bado sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Sijui hata kama nitakusamehe mwaka huu."

"Najua, Vihra."

"Mwombe sasa hivi, kabla mvua haijamchukua."

Yavor akafuta mikono kwenye suruali, akavua kofia, akaanza kumwomba mzee binti yake.